Maisha ya Mwalimu Julius Nyerere, Aliyejisahihisha

Kila mtu katika nchi yetu amjua Julius Kambarage Nyerere kuwa Rais wa kwanza, naye huitwa Baba wa Taifa. Lakini watu wakubwa kwa wadogo walimwita kwa jina jingine, nalo ni Mwalimu. Jina hilo halikuwa la heshima tupu. Ualimu ndiyo kazi aliyojifunza, ndiyo kazi aliyoifanya katika ujana wake, na hata alipokuwa akitawala nchi aliendelea kufikiri kama mwalimu afikirivyo: huyu mtoto aliye mbele yangu atakuwa mtu wa namna gani?

Nyumba yake ya Dar es Salaam ilikuwa Msasani, jirani na Mikocheni. Hata leo wazazi wa Mikocheni, na wa Kinondoni na Temeke, wanalo swali lile lile mioyoni. Watoto wao huamka kabla ya mapambazuko kupanda basi la shule, nao hurudi jioni na mzigo wa madaftari. Na baba na mama hujiuliza kama mzigo ule wawajenga watoto au wawachosha tu. Kwa hiyo yafaa tuyasome maisha ya mtu huyu kwa kutafuta mafunzo ndani yake. Yeye hakuwa wa kanisa letu, alikuwa Mkatoliki, lakini mambo aliyoyafanya yaligusa shule zetu na nyumba zetu pia.

Utoto wake

Alizaliwa Butiama, upande wa mashariki wa ziwa la Viktoria, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Mtoto akapewa jina la Kambarage, ndilo jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku aliyozaliwa mvua ilinyesha. Ingawa alikuwa mwana wa mtemi, hakulelewa katika anasa. Alichunga mifugo, akamsaidia mama yake shambani, akacheza bao pamoja na wenzake. Na mchezo huo wa bao aliupenda hata uzee wake.

Hapo ndipo alipopata elimu yake ya kwanza, wala haikuwa na kitabu. Mtoto alijifunza kazi kwa kuifanya, akajifunza adabu kwa kuitazama kwa wakubwa, akajifunza kutoa shauri kwa kuketi karibu na wazee waliposemezana. Baada ya miaka mingi aliyakumbuka mambo haya, akaandika ya kuwa wazee wetu hawakuwa na nyumba ya shule, lakini hawakukosa elimu, kwa maana kila mtu mzima alikuwa mwalimu kwa kiasi chake.

Mwaka wa 1934, alipokuwa na umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, maili zaidi ya 20 kutoka kwao. Alikuwa amechelewa, lakini aliwapita upesi waliomtangulia. Mwaka wa 1937 akaenda shule ya serikali ya Tabora, ambako watoto wa watemi na wengine waliofaulu walifundishwa kwa mfano wa shule kubwa za Uingereza. Huko alisoma sana, akapenda mabishano ya hoja. Baba yake akafariki mwaka wa 1942. Naye Kambarage, aliyekuwa ameanza mafundisho ya dini tangu alipokuwa mwanafunzi, akabatizwa Nyegina, karibu na Musoma, mwezi wa Desemba 1943, akaitwa Julius.

Anajifunza ualimu

Mwaka ule wa 1943 aliingia Makerere, nchini Uganda, kujifunza ualimu. Huko aliandika insha juu ya hali ya wanawake, akayachukua mafundisho ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill juu ya uhuru wa mwanamke, akayapima kwa maisha ya Wazanaki wenyewe. Tazama jambo hili, kwa kuwa ndiyo desturi iliyomfuata maisha yake yote: alisoma kitabu cha mbali, kisha akakigeuza kuwa kioo cha kutazama nyumba yake mwenyewe. Mama yake alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi, na mwana hakuona haya kuuliza kama desturi ile ilikuwa ya haki.

Alimaliza Makerere mwaka wa 1945, akapata cheti cha ualimu. Toka mwaka wa 1946 alifundisha shule ya Wakatoliki ya St. Mary's huko Tabora. Mwaka wa 1949 akaenda chuo kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akasoma historia, uchumi, falsafa na mambo ya utawala, akapata shahada yake mwaka wa 1952. Akarudi nyumbani. Mtu mwenye shahada kutoka Ulaya siku zile alikuwa wa kuhesabiwa kwa vidole katika Tanganyika, na watu wangalishangaa wakimwona ameshika jembe. Lakini yeye alikwenda Butiama akajenga nyumba ya matofali ya udongo kwa mikono yake, kwa ajili yake na Maria Gabriel Magige, aliyemwoa mwaka wa 1953.

Mwaka uo huo akawa mwalimu wa historia katika shule ya St. Francis ya Pugu, nje ya Dar es Salaam. Siku za kazi alifundisha Pugu, na nafasi nyingine zote alizitumia mjini kwa shughuli za chama cha Waafrika, ambacho alichaguliwa kuwa rais wake. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Mwezi wa Machi 1955 akasafiri hata New York kuinena haja ya Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa, na aliporudi alilazimika kuchagua, ama ualimu ama siasa. Akaacha ualimu na mshahara wake, ingawa alikuwa na mke na watoto. Baadaye alikaa Magomeni, katika nyumba ambayo leo ni makumbusho, akaifanya kazi ya kutafuta uhuru pasipo vita.

Baada ya uhuru: neno la kujisahihisha

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Yapata majuma sita tu baadaye, mwezi wa Januari 1962, alikiacha cheo hicho. Watu walistaajabu. Yeye akaenda vijijini na wilayani, akakutana na wanachama, akaandika. Katika mwaka huo ndipo kilipotoka kijitabu chake kidogo kiitwacho Tujisahihishe.

Jina lenyewe laeleza habari yote. Hakuwaandikia Waingereza, wala hakuwalaumu waliokwisha kuondoka. Aliwaandikia wenzake walioshika madaraka mapya. Aliwaonyesha ya kuwa ubinafsi, unafiki, na desturi ya kunung'unika pembeni pasipo kusema mbele ya mhusika, ni magonjwa yaliyomo ndani yao wenyewe, nayo hayaponi kwa kufichwa. Alionyesha pia kwamba mtu aliyekwisha kupata elimu kidogo akidhani amefika, huyo ameanza kurudi nyuma. Ndugu, ni rahisi kumpinga bwana mgeni. Kujipinga mwenyewe ni kazi ngumu zaidi, wala hakuna asherehekeaye ushindi wake.

Hata hivyo yatupasa tuseme kweli yote. Katika mwaka uo huo wa 1962 ilitungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini pasipo kumpeleka mahakamani, na mwaka wa 1965 nchi ikawa ya chama kimoja. Watu kadhaa waliompinga walifungwa kwa sheria ile. Basi mtu aliyewafundisha wengine kukubali kusahihishwa alikuwa na mlango ambao kwake pia ulikuwa mgumu kufunguka. Tusomapo maisha ya wakubwa, tusiyafute mambo haya, kwa maana twajifunza kwayo ya kuwa kujichunguza si kazi ya siku moja, na hakuna aliyeimaliza.

Mwaka wa 1966

Twende sasa katika habari za shule. Siku ya uhuru shule za nchi hii zilikuwa zimegawanyika: za Wazungu peke yao, za Wahindi peke yao, na za Waafrika peke yao. Mgawanyo huo uliondolewa mwaka wa 1962. Shule za sekondari zikaongezwa, na chuo kikuu, kilichoanza mwaka wa 1961 kwa idara ya sheria tu, kikahamia mlimani penye nafasi kubwa. Wengi waliona kwamba kazi imekwisha: shule zimefunguka, na iliyobaki ni kuziongeza.

Mwezi wa Agosti 1966 Mwalimu alikwenda Morogoro kufungua chuo cha walimu. Hapo aliwaeleza walimu kwamba wanakosea wakijiona kuwa watu wadogo wasio na nguvu katika nchi. Waziri hutoa amri na kesho yaweza kubadilishwa. Lakini mwalimu humshika mtoto kabla moyo wake haujawa mgumu, na jinsi mwalimu anavyosema, anavyotembea, anavyomtazama mtoto wa maskini, mambo hayo huingia ndani ya mtoto na kukaa. Nguvu hiyo hutumika kwa wema au kwa ubaya, hata kama mwalimu mwenyewe hajui kwamba anaitumia.

Miezi miwili baadaye neno hili lilimrudia kwa njia aliyokuwa hakuitazamia. Serikali ilitaka vijana waliomaliza masomo ya juu wafanye kazi ya kulijenga taifa kwa muda wa miaka miwili, na katika sehemu kubwa ya muda huo walipwe sehemu tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu na vyuo vingine waliandamana mpaka Ikulu, wakakataa. Walisoma mbele yake maneno makali. Mwalimu alikasirika, akawarudisha makwao zaidi ya 300 kati yao. Wengi walirudishwa chuoni baadaye.

Laiti habari ingekoma hapo, ingekuwa habari ya mkubwa aliyewaadhibu wadogo, nazo ni nyingi duniani. Lakini vijana wale walikuwa wametaja mishahara minono ya wakubwa wenyewe, na mshale huo ulipenya. Pale pale Mwalimu alitangaza kuupunguza mshahara wake kwa sehemu 20 katika kila 100. Tena likabaki swali zito zaidi. Vijana hawa walizaliwa vijijini, wakasomeshwa kwa kodi za wakulima, na sasa waliiona kazi kwa ajili ya wakulima wale kuwa ni adhabu. Ni nani aliyewafundisha kuona hivyo? Mwalimu mwema, mwanafunzi akikosa, huutazama kwanza mkono wake mwenyewe.

Elimu ya Kujitegemea

Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na mwezi wa Machi Mwalimu akatoa andiko lake liitwalo Elimu ya Kujitegemea. Ndani yake alizichunguza shule za nchi kama mganga amchunguzavyo mgonjwa.

Aliona mambo haya. Kwanza, kila darasa lilikuwa daraja la kupandia darasa jingine, wala halikuwa na thamani yake lenyewe. Katika watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, ni kama 13 tu waliopata nafasi ya sekondari. Na wale 87 waliobaki walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa, kana kwamba miaka yao yote ya shule haikuwa kitu. Pili, shule iliwatenga watoto na jamaa zao: mtoto aliondoka kijijini akajifunza kudharau jembe la baba yake. Tatu, watu walidhani hekima yote imo vitabuni, hata mkulima aliyeijua ardhi yake kwa miaka 40 hakuhesabiwa kuwa na neno la kufundisha. Nne, mtihani ulipima kumbukumbu ya mtoto, lakini haukupima moyo wake, wala bidii yake, wala jinsi aishivyo na wenzake.

Dawa aliyoitoa ilikuwa kumwelimisha mtu kamili, yaani akili na mikono na moyo pamoja. Elimu ya msingi iwe elimu iliyotimia, impayo mtoto mambo ya kumfaa hata asipokwenda mbele. Shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kupanga kazi yake na kuamua matumizi ya mapato yake. Juu ya yote, mtoto apate vitu vitatu: akili yenye kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wengine, akichagua lifaalo na kuacha lisilofaa, na kujiamini kwamba yeye ni mtu huru, sawa na wengine, asiyedharau wala kudharauliwa.

Wazo hili lina ndugu zake ulimwenguni. Pestalozzi wa Uswisi, aliyekufa mwaka wa 1827, alitaka mtoto aelimishwe kwa kichwa, moyo na mkono. Aggrey wa Ghana, aliyepita Afrika ya Mashariki mwaka wa 1924 akichunguza shule, alihubiri neno hilo hilo. Lakini Nyerere alikuwa na mzigo ambao wale hawakuwa nao: alikuwa mtawala, na neno lake liligeuka amri kwa maelfu ya shule.

Jinsi lilivyotendeka

Basi ilikuwaje? Mahali pengi watoto walilima, wakafuga, wakajenga madarasa yao. Penye mwalimu mwenye kuelewa, shamba lilikuwa kitabu: watoto walipima mistari, wakahesabu mavuno, wakajua kwa nini mmea umenyauka. Lakini penye mwalimu asiyejihoji, shamba likawa adhabu ya aliyechelewa, na pengine watoto walilimishwa shamba la mwalimu mwenyewe. Wazazi wakanung'unika kwamba hawakumpeleka mtoto shule akashike jembe, kwa kuwa jembe lipo nyumbani. Jembe la shule lilikuwa lile lile kila mahali. Aliyelibadili kuwa elimu au kuwa utumwa ni mwalimu.

Ikafuata sheria ya elimu ya mwaka wa 1969. Kwa sheria hiyo serikali ilizitwaa shule nyingi za makanisa, na walimu wote wakawa chini yake. Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri, lililoungana mwaka wa 1963, nalo lilizitoa shule zake, ambazo wazee wetu walizijenga kwa sadaka za ndizi na kahawa na kwa kubeba mawe vichwani. Wengine waliumia moyo. Sababu ya Mwalimu ilikuwa kwamba watoto wa Waislamu na wa wasio na dini walikuwa wameachwa nyuma, kwa kuwa sehemu kubwa ya shule ilikuwa mikononi mwa Wakristo, naye hakutaka taifa lipasuke kwa dini. Yeye mwenyewe alikuwa mwana wa shule za misheni kwa kufundisha, na kanisa lake lilitwaliwa shule nyingi pia. Msomaji na apime kwa haki. Lakini tusisahau swali ambalo sheria ile iliuacha mlangoni petu: ikiwa shule si yetu tena, je, malezi ya watoto hayakuwa yetu tena? Palikuwa na jamaa walioona ya kuwa kazi imeondoka pamoja na majengo. Na palikuwa na jamaa walioanza kufundisha nyumbani. Luther aliandika Katekisimu Ndogo mwaka wa 1529, akataka baba wa nyumba aifundishe jamaa yake. Hakulikabidhi jambo hilo kwa mwalimu wa shule peke yake.

Elimu ya watu wazima nayo haikusahauliwa. Mwaka wa 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na chini ya miembe na katika makanisa na misikiti watu wenye mvi walishika kalamu. Mwaka wa 1973 mamilioni walisikiliza kwa redio mafunzo ya Mtu ni Afya, wakachimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka wa 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Kufika mwaka wa 1986 walihesabiwa kuwa kama 10 tu. Mwezi wa Novemba 1974 chama kilikutana Musoma, kikaamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi upesi, kabla ya mwisho wa mwaka wa 1977, na kwamba mtihani usiwe mwamuzi wa pekee, ila kazi za mwaka mzima na tabia zihesabiwe pia. Watoto waliingia shuleni kwa wingi usiopata kuonekana. Lakini walimu hawakutosha, hata vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa haraka wakawekwa mbele ya madarasa yaliyojaa. Na katika miaka iyo hiyo watu wengi walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vipya. Wengine walipata shule na kisima, lakini walipoteza mashamba na nyumba zao.

Anajipima mwenyewe

Mwaka wa 1977, miaka kumi ilipotimia tangu Azimio, wengi walingoja sherehe. Mwalimu aliandika hesabu. Alitaja yaliyofaulu, na elimu ilikuwa miongoni mwake. Kisha akayataja yaliyoshindwa, moja baada ya jingine, akakiri mbele ya nchi yote ya kuwa Tanzania haijawa nchi ya ujamaa wala haijajitegemea. Ni mara chache mtawala hutoa kitabu cha makosa ya serikali yake akiwa bado kitini.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya taabu. Vita vya Uganda vya mwaka wa 1978 na 1979, bei ya mafuta, ukame na mipango iliyokosewa viliifanya nchi kuwa maskini zaidi. Madarasa yalikosa chaki na vitabu. Mwaka wa 1985 Nyerere aliacha urais kwa hiari yake, na mwaka wa 1990 akauacha uenyekiti wa chama. Katika mwaka huo yeye mwenyewe, aliyejenga utawala wa chama kimoja, alianza kuwahimiza watu wazungumze juu ya vyama vingi pasipo hofu. Na mwaka wa 1992 sheria ikabadilishwa. Mlango ule mgumu ulifunguka katika uzee wake.

Siku zake za mwisho alikaa zaidi Butiama, akilima na kusoma. Zamani, akiwa katika shughuli za nchi, alikuwa amefasiri michezo miwili ya Shakespeare kwa Kiswahili. Sasa alizitunga Injili nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi, navyo vitabu hivyo vilitoka mwaka wa 1996. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, kwa ugonjwa wa saratani ya damu, akazikwa kwao Butiama.

Yatupasayo sisi

Ndugu wasomaji, swali la Mwalimu halikuzikwa pamoja naye. Mwezi wa Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza majina ya shule na wanafunzi walioshika nafasi za kwanza, na mtaala mpya umeweka mkondo wa amali, ili kijana ajifunze kazi ya mikono pamoja na masomo. Hayo ni mema. Lakini tumekwisha kuona katika habari hii kwamba amri njema ikifika kwa mwalimu asiyejihoji, hugeuka kuwa fimbo.

Basi mwalimu, uwe wa shule ya Mikocheni au wa darasa la kipaimara, ujiulize jioni: leo nimemdharau nani mbele ya wenzake? Ni swali gani la mtoto nililolizima kwa kuwa sikulijua jibu lake?

Nawe mzazi, ujiulize: mtoto wangu aletapo karatasi ya mtihani, je, naitazama karatasi kwanza au uso wake? Je, ameniona nikifanya kazi, nikisoma, nikiomba radhi? Na yule binti wa kazi alalaye nyumbani mwangu, ambaye pengine ni mmoja wa wale waliokosa nafasi ya kuendelea, mtoto wangu amejifunza nini kwa jinsi ninavyomwita?

Nawe mwanafunzi, ujiulize: elimu hii nitaitumia kupanda juu ya migongo ya watu, au kuwabeba?

Wazee wa makanisa na wainjilisti wangefanya vema kuyasoma maswali haya katika mkutano wa jamaa, kila mtu ajibu kwanza kwa ajili ya nafsi yake, na mkubwa wa nyumba awe wa kwanza kujibu.